Siku Mama Alipowasha Mashine ya Baba

Juzi mjini Kasulu nilimwona fundi amepiga magoti kando ya lori, akibonyeza pampu ya mkono, dizeli ikitoka na mapovu. Harufu ile ikanirudisha kijijini kwetu Titye, siku tuliyomzika baba, nami nikiwa mtoto mdogo.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga. Mchana ule ilikataa kuwaka, na waombolezaji walikuwa wanangoja ugali. Mama alitakiwa atulie mkekani na wafiwa wenzake, lakini hakutulia: mara asimame, mara akaze kanga, mara achungulie nje. Tangu asubuhi hakuwa amelia, na watu walishaanza kunong'ona. Mwishowe akatoka.

"Mawe! Mama wee! Mjane haendi mashineni," shangazi akamkemea. "Ngoja aitwe fundi."

"Fundi si ndiye tuliyemzika?" mama akajibu, huku anakwenda.

Nikamfuata. Alimwaga dizeli chafu iliyokuwa kwenye tangi, akachuja nyingine kwa kipande cha kanga, kama alivyokuwa akichuja maziwa. Kisha akalegeza nati ya bomba la dizeli, akaanza kupampu ili hewa itoke. Mapovu yakatoka, yakazidi kutoka. Nikadhani mashine inamlilia baba. Yalipokwisha akakaza nati, akazungusha hendeli kwa nguvu zake zote.

Ikanguruma. Mabati yakatetemeka. Mama akaegemea ukuta, akapanua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, nami sikusikia kitu ila mashine.

Nilidhani anaimba. Nikampigia makofi.