Ameshona maputo miaka ishirini na moja, hajapaa hata mara moja

Saa moja na robo asubuhi, feni mbili kubwa zinanguruma kwenye lango la karakana, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa anatembea ndani ya puto. Viatu amevua, amebaki na soksi. Puto limelala ubavu, limejaa hewa baridi. Kitambaa cha manjano kimetanda juu yake kama dari iliyolegea, na kila anapokanyaga, sakafu nayo inapumua.

Anakwenda polepole, shingo imepinda nyuma, utepe mweupe mkononi. Anatafuta mwanga unaopenya pasipotakiwa. Akiona kitobo, hata kama ni cha ncha ya kalamu, anabandika kipande cha utepe na kusogea mbele. Anapofika mwisho wa puto, amebandika vipande kumi na tisa.

"Watu husifia mikono yangu," anasema huku akijikanda shingo. "Mikono haina shida. Inayofanya kazi ni shingo hii hapa."

Wenzake humwita Daktari. Kampuni anayoifanyia kazi ina maputo manne ya kubebea abiria, yale yanayopaa kwa hewa iliyopashwa moto kwa jiko la gesi. Kila moja limeshonwa kwa nailoni inayozidi mita za mraba elfu mbili. Kipande kikiungua, kikinasa kwenye miiba au kikichoka kwa joto, yeye ndiye anayekikata, anayekata kingine cha kukipachika na kukishona kwa mistari miwili sambamba. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na moja, kwa cherehani ileile.

Yeye mwenyewe hajapaa.

Sababu ni za kawaida. Nauli ya abiria mmoja ni karibu mshahara wake wa miezi miwili na nusu. Mfanyakazi hupanda bure nafasi ikibaki wazi, na ni nadra kubaki. Zilipobaki, alizitoa. Ya kwanza alimpa mlinzi aliyekuwa anaacha kazi, ya pili mpishi, ya tatu mhasibu aliyekuwa amefiwa na mumewe.

"Kila mara nilisema nitapanda ijayo," anasema. "Kumbe ijayo nayo ina ijayo yake."

Anastaafu mwisho wa mwezi huu. Kwa mara ya kwanza, meneja amemwekea nafasi mapema: Jumapili, ndani ya puto hilihili la manjano, kongwe kuliko yote, ambalo zaidi ya theluthi yake ameishona upya kwa mkono wake. Wafanyakazi wanaliita Mkwe, kwa kuwa halitaki kuharakishwa na hakuna anayethubutu kufoka mbele yake.

Nyumbani, safari ya Jumapili imezungumzwa mwezi mzima. Anayeizungumza zaidi ni mjukuu wake wa kike mwenye miaka minane, aliyekuta kwenye kitabu cha shule habari za puto la kwanza kubeba viumbe hai. Ilikuwa mwezi Septemba mwaka 1783, nchini Ufaransa. Waliopanda walikuwa kondoo, bata na jogoo. Walikaa angani kwa dakika chache, wakatua salama.

"Bibi, yaani hata kondoo amekutangulia?" mtoto aliuliza.

"Kondoo hakuwa na cherehani ya kumsubiri," bibi alijibu.

Tangu siku hiyo naye husoma kile kitabu, miwani ikiwa puani, usingizi ukimwinda. Anachokirudia si habari za kondoo. Ni mstari mmoja unaoeleza kwamba, miezi michache kabla, ndugu wawili watengenezaji wa karatasi walirusha puto la turubai na karatasi ambalo vipande vyake vilishikanishwa kwa vifungo, karibu elfu mbili.

"Vifungo! Kama shati!" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unachangamka. "Wale ndugu wameandikwa majina. Sasa, aliyekaa akashona vifungo elfu mbili, yeye yuko wapi?"

Mwezi Novemba mwaka uleule watu wawili walipaa kwa kuchoma majani makavu chini ya puto. Nailoni na jiko la gesi vilikuja karibu miaka mia mbili baadaye. Rubani wa kampuni, mwanamume wa miaka arobaini na mbili, anasema kitu kimoja hakijabadilika: starehe ya kupaa.

"Abiria wanatarajia upepo, wanakuja na makoti," anaeleza. "Wakifika juu hakuna upepo kabisa, maana puto linakwenda nao. Unaweza kuwasha kibiriti kisizimike. Unasikia mbwa akibweka chini, unasikia mtu akifagia uwanja wake. Watu wazima wanaanza kunong'ona, hata hawajui kwa nini."

Daktari anazijua habari hizo kwa kusimuliwa. Abiria hurudi wakipitia uani, wakicheka na kukumbatiana na watu wasiowajua. Nyuma yao linaletwa puto, limefungashwa kwenye gunia lake, kilo mia mbili na arobaini, na kutupwa mlangoni pake.

"Wao wanapata anga," anasema. "Mimi napata gunia."

Asubuhi hii, hata hivyo, ana kazi nzito kuliko gunia. Kitabu cha masharti cha puto hili kinataka kitambaa kivutwe kila mwaka kwa mizani ya ndoana, karibu na kilele, ambako joto hupiga zaidi. Kibano cha upana wa vidole viwili hushika kitambaa, kisha mkono huvuta taratibu. Kikihimili kilo kumi na tatu na nusu, puto limepata mwaka mwingine. Kikichanika kabla ya hapo, halirushwi tena.

Rubani anaingia na kikombe cha chai.

"Daktari, mgonjwa anasemaje?"

"Anakohoa."

"Jumapili tunakwenda, hatuendi?"

"Mwulize mwenyewe."

"Basi mama, tafuta mahali penye afya ushike hapo. Mimi nakunywa chai yangu, sijaona kitu."

Anasema hivyo akicheka. Mwanamke hacheki, kwa sababu mahali kama hapo papo kweli. Miaka minne iliyopita alibadilisha kipande kimoja hatua mbili kutoka kileleni. Rangi ni ileile ya manjano. Uzi tu ndio tofauti, kwa kuwa ule wa zamani ulikwisha akatumia uliokoza kidogo. Katika kampuni nzima hakuna anayeweza kukitambua isipokuwa yeye.

"Kile ningekivuta mpaka kesho," anasema baadaye. "Kingenivuta chenyewe."

Anapiga magoti. Mkono wake unapita juu ya kipande kipya bila kusimama, unavuka mshono na kutua kwenye kitambaa cha zamani. Anabana. Anavuta. Kilo saba. Nane. Tisa na nusu. Kisha unasikika mlio mdogo, kama wa mtu anayefungua bahasha.

Mizani imesimama kwenye kilo kumi na robo.

"Rudia," rubani anasema. Chai imesahaulika mkononi.

Anarudia, shubiri moja pembeni. Kilo tisa na nusu.

Mwanamke anatoa daftari, anaandika vipimo vyote viwili, tarehe na sahihi. Kisha anatoka na kuzima feni, moja baada ya nyingine. Puto linachukua dakika sita kulala chini. Anasimama na soksi zake akilitazama mpaka mwisho.

"Umejinyima safari yako kwa mkono wako," rubani anamwambia.

"Sijajinyima, mwanangu. Ningepanda na watu kumi na watano. Wao wangetazama nje wafurahi. Mimi ningetazama juu, pale pale, saa nzima. Hiyo nayo ni safari?"

Mchana anakula chakula chake peke yake kwenye benchi la cherehani, polepole, kama mtu anayesubiri kuitwa. Maputo mengine mawili yana abiria wa kulipa mpaka mwezi ujao. La nne ni jekundu, limeletwa juzi kutoka kiwandani, na bado halijaruhusiwa kubeba abiria wa kulipa.

Rubani anarudi saa nane na karatasi mkononi. Puto jekundu litarushwa Jumatano kwa majaribio, na kikapu chake lazima kiwe na uzito. Wamepanga kupakia mifuko ya mchanga, kilo ishirini kila mmoja. Amezungumza na meneja: baadhi ya mifuko inaweza kushushwa, apande Daktari.

Mwanamke anasukuma chakula pembeni.

"Yaani kondoo alipanda kama kondoo, mimi napanda kama mchanga."

"Mchanga wenye heshima zake, mama."

"Lile sijalishona hata mshono mmoja. Simjui aliyelishona."

"Ndivyo abiria wote wanavyopanda."

Anakunja kitambaa alichofungia chakula, mara mbili, mara nne. Anasema Jumanne yote aachiwe puto hilo, feni mbili na utepe wake mweupe. Akilimaliza lote, atapanda. Rubani anakubali, ila anahitaji uzito wake kamili, ajue mchanga wa kushusha.

Mizani ya karakana ni ile ya kupimia magunia. Anavua viatu, anapanda, anashika nguzo kisha anaiachia. Kilo sitini na nane.

"Mifuko mitatu ndiyo mimi," anasema huku akishuka. "Hizo nane zilizozidi ni uchovu, usiziandike."

Rubani ameandika sitini na nane.