Ndoo ya Kambare

Juzi, nikiwa katika ofisi ya uvuvi Kathonzweni, mwanamume aliletwa akiwa na ndoo yenye kambare hai, tumbo limejaa mayai. Mto Athi umebaki vidimbwi, na samaki wenye mayai hawaruhusiwi kuvuliwa.

"Mzee, hata njaa ikiuma, mbegu ya mahindi unakula?" afisa akamuuliza.

"Mbegu nafungia kwa nyumba. Huyu nikimwacha, jirani anavua."

Mama aliyeketi kwenye benchi akadakia, "Mrudishe tu, hatutamvua."

"Afisa, jirani mwenyewe ndiye huyu!"

Tulicheka. Afisa akawaagiza wakamrudishe pamoja. Walitoka kila mmoja ameshika upande wake wa ndoo, wakichungana wao kwa wao kuliko kumchunga samaki. Sheria ya kuvua tunayo. Ya kumwamini jirani bado naitafuta.