Kifudifudi Kitandani kwa Mama Mkwe

Kabla ya kuieleza aibu yangu, ambayo majirani wa Bagamoyo wameshaisimulia kila mtu kwa namna yake, naomba kwanza niiweke wazi hali ilivyokuwa, kwa sababu mtu akihukumiwa bila ya mazingira yake huonekana mpumbavu kuliko alivyo (nami nilikuwa mpumbavu, sikatai, lakini si kwa kiwango kinachotajwa sokoni).

Ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala mimi na mke wangu Mwanaisha tulikwenda kumjulia hali mama yake, Bi Hidaya, ambaye miguu humvimba na safari za gari haziwezi tena. Alasiri ya siku hiyo mjukuu wake Zuhura, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumwacha angali ananyonya, alikuwa asome katika mashindano ya Kurani jijini Dar es Salaam, nayo mashindano yangerushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Zuhura ni msomaji mzuri, ila huwaogopa watu. Tangu udogo wake, akisimama mbele ya umati, humtafuta kwanza bibi yake kwa macho, na akishamwona ndipo sauti humtoka. Safari hii bibi asingekuwapo ukumbini. Kwa hiyo alimwahidi kwa simu, nami nikisikia: "Wewe soma, mjukuu wangu. Mimi nitakuwa nakutazama hapa hapa nyumbani. Woga ukikushika, jua nakutazama." Na Bi Hidaya si mtu wa kuahidi jambo kisha akalitimiza nusu.

Tatizo lilikuwa televisheni yenyewe. Ukiiwasha, picha hutokea safi, rangi zote mahali pake, ukaanza kushukuru, kisha kufumba na kufumbua kioo chote huwa cheusi kama sufuria la pilau, huku sauti ikiendelea kana kwamba hapajatokea neno. Fundi alipigiwa simu, akajibu kwamba yupo msibani Chalinze na atafika kesho yake. Bi Hidaya alipoambiwa hivyo hakulalamika. Alijifunga kanga yake, akashika fimbo, akaenda nyumba ya pili kuwaita wenzake waje kusikiliza, na neno hilo "kusikiliza", alivyolitamka taratibu, lilinichoma.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Mimi ni mwalimu wa sarufi, na ugonjwa wangu ni kusoma. Nilikuwa nimesoma kwamba nyuma ya kioo cha televisheni za siku hizi mna taa ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, ndizo ziiangazazo picha, na kwamba moja ikiharibika mashine hujihami kwa kuzizima zote. Nikajisemea, huenda ni waya tu umelegea. Maelezo niliyoyasoma yalisisitiza jambo moja: kabla ya kufungua mgongo, kioo kilazwe kifudifudi juu ya kitu laini tena tambarare, kisije kikapasuka.

"Mwanaisha," niliita, "nipate wapi kitu laini na tambarare?"

"Tandika mkeka, juu yake mablanketi!" alijibu kutoka jikoni, alikokuwa akikuna nazi.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, nami nikalidharau. Nilitaka godoro. Vitanda vya nyumba ile ni vya kamba, vimebonyea katikati kama mitumbwi, isipokuwa kimoja, chenye godoro nene, pana, lililonyooka vizuri. Kitanda hicho ni cha mama mkwe.

Kwetu mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata salamu huitoa ameinamisha macho, na wakikutana ukumbini yeye ndiye apishaye njia. Kitanda chake ni kitu ambacho hata kukitaja si adabu. Haya yote niliyajua, tena vijana kadhaa walipooa mimi ndiye niliyewausia. Lakini nilipima kwamba mwenyewe hayupo, kwamba anatembea polepole, kwamba atakaporudi nitakuwa nimekwisha maliza kazi na televisheni inang'aa sebuleni, na hakuna atakayeuliza ilitengenezewa wapi. Nikavua kanzu yangu ya Ijumaa nisije nikaichafua, nikaitundika kwenye kiti cha sebuleni, nikabaki na fulana na kikoi, nikaibeba televisheni pamoja na king'amuzi chake (chumba kipo ubavuni mwa sebule na nyaya zilitosha), nikailaza juu ya lile godoro kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Nilifungua mgongo. Ndani niliona nyaya zilizotulia kila mmoja mahali pake, wala hapakuwa na kilicholegea, na zile taa zenyewe zilikuwa zimefunikwa mbele huko, chini ya tabaka ambazo mtu kama mimi hapaswi kuzigusa. Nikakubali kushindwa. Nikaurudisha mgongo, nikachomeka umeme nijue kama angalau sijaiua, na sauti ikatoka, hafifu kwa kuwa ilikuwa imekandamizwa na godoro. Zikabaki skrubu. Moja ikaniponyoka, ikazama katika mikunjo ya shuka. Nikawasha tochi ya simu, nikapanda kitandani kwa magoti kuitafuta.

Ndipo nikasikia: "Hodi humu! Hodi wenyewe!"

Walikuwa wamerudi, na nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila aliyelelewa pwani analijua: wageni wa kike hawaketi na mabuibui yao, huingia kwanza chumbani kwa mwenyeji wao kuyavua. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao unapita sebuleni. Mtu mwenye akili angekohoa. Mtu mwenye akili kidogo tu angeita jina la mkewe. Mimi niliteremsha chandarua, nikajikunyata ndani yake karibu na televisheni, nikabana pumzi, bila kukumbuka kwamba tochi bado inawaka mkononi mwangu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Tatu, Mzigua wa Mkange aliyeolewa mtaa ule, mtani wa nyumba nzima. Alisimama mlangoni buibui likiwa nusu kichwani.

"Bi Hidaya wee!" alipiga ukelele. "Kitandani kwako mna mwanamume, tena anawaka!"

Nisingependa kueleza vizuri kilichofuata. Wanawake walipiga kelele, buibui moja likaanguka, na Mzee Shomari wa nyumba ya jirani akatokea dirishani na mpini wa jembe akiuliza mwizi yuko upande gani. Fimbo ya mama mkwe ikasikika ikija, tok, tok, polepole.

"Nani humo?" aliuliza.

"Ni mimi, mama," nilisema ndani ya chandarua. "Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea tu, na hapo ndipo nyumba ilipoangua kicheko.

"Haya, Waswahili mnajua adabu!" alisema Bi Tatu. "Hodi hapigi, kitanda cha mkwewe amekipanda, lakini shikamoo hakuisahau!"

"Ninatengeneza televisheni," nilijitetea.

"Uchi?"

"Nina kikoi!"

"Kwetu Mkange mkwe kama wewe tungemfunga kamba, tukamrudisha kwao na mbuzi wa kuoshea macho yetu."

Mke wangu alifika mikono ikiwa imejaa chicha za nazi. Alinitazama, akaitazama televisheni, akalitazama godoro. "Mwalimu," alisema kwa upole ulionidhalilisha kuliko kelele zote, "nilikwambia mkeka."

Nilikuwa nikijiandaa kuomba radhi kwa sentensi niliyokwisha kuipanga vyema, ndipo chini ya ubavu wangu, kutoka kwenye kioo kilicholala kifudifudi, mtangazaji akalitaja jina la Zuhura. Wote tukatega masikio. Tukangoja asome. Hakusoma. Tulisikia ukumbi ukikohoa, viti vikisogezwa, kisha kimya.

"Mgeuzeni mtoto wangu," alisema Bi Hidaya. "Amelala kifudifudi, nitamtazamaje?"

Tukaigeuza, mimi upande mmoja na Bi Tatu upande wa pili, tukaiegemeza kwenye mito. Ilikuwa nyeusi. Bi Hidaya aliketi ukingoni mwa kitanda, akaleta uso karibu na kioo, akapitisha kiganja juu yake kama anayefuta vumbi. "Yuko wapi?" aliuliza, na sikuwahi kumsikia akiuliza kwa sauti ile. "Nilimwahidi."

Nilisogeza mkono niiweke sawa isianguke, na mwangaza wa simu ukapiga kioo kwa ubavu. Ndani ya weusi ule ukatokea mkono, mdogo, hafifu, kama kitu kilicho chini ya maji ya kisima, umeshika kipaza sauti. Taa ndizo zilizokuwa zimekufa, picha yenyewe ilikuwapo muda wote. Nikapandisha mwangaza taratibu: bega, kidevu, uso.

"Huyo," alisema Bi Hidaya. "Huyo hapo. Soma, mama. Soma, nakutazama."

Zuhura akasoma. (Mimi ni mtu wa hoja, sitadai kwamba jambo moja lilisababisha jingine, nasema tu yalivyofuatana.) Wanawake walijitanda mitandio yao, mmoja baada ya mwingine wakatoa simu na kuzielekeza kwenye kioo, na Bi Tatu, ambaye dakika chache nyuma alitaka nifungwe kamba, akanong'ona, "Mmulikie usoni jamani, anasogea." Mwanaisha alinirushia kanzu, nikaivaa palepale kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili sikuthubutu kuutikisa. Nilikuwa nimeinama vibaya, nikiyumba.

"Keti, baba," mama mkwe aliniambia bila kuondoa macho kwenye kioo. "Utaanguka."

"Hapa, mama?"

"Basi wapi?"

Nikaketi kitandani kwake, ukingoni kabisa, nikamulika mpaka mtoto alipomaliza aya ya mwisho.

Tangu siku ile nimeapa sitashika tena bisibisi, na hodi napiga hata nikiingia jikoni kwangu mwenyewe. Bi Tatu alinitoza jogoo kwa ajili ya utani, akamla. Fundi alikuja kesho yake, akabadilisha taa zote, akaondoka.

Zuhura hakupata nafasi ya kwanza. Jioni ile ile alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama bibi alimwona kweli au alimsikia tu. Bibi yake akamwambia alimwona, na kwamba ushungi wake ulikuwa umelegea upande wa kushoto, safari nyingine abane pini mbili. Ulikuwa umelegea.