Mtaro Ulioandaliwa kwa Wageni

Jambo la mwisho la kawaida nililomwona mke wangu akifanya ni kumwaga maji ya kufulia mtaroni, nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo. Kesho yake alianza kukohoa. Kirusi kilichomuua tulikijua baada ya mazishi.

Kwa hiyo nilifurahi wiki hii mtaalamu wa maabara alipokuja kuchota maji ya mtaro huo ayapime. Vinasaba vya virusi vilivyomo majini huonyesha kama aina mpya ya kirusi imeingia mtaani, kabla watu hawajaanza kuumwa.

Aliinama, akanusa, akamgeukia jirani yangu. "Shikamoo mama. Mmemwaga nini humu?"

"Marahaba mwanangu. Klorini," jirani akajibu. "Tuliambiwa mnakuja. Tuwapokee na uchafu?"

"Imeharibu kila kitu, mama. Uchafu ndio tuliofuata."

"Si mngesema? Na udi tumefukiza."

Mtaalamu alifunga chupa yake tupu. Zamani maradhi tuliwaficha majirani. Sasa tunaificha hata maabara, tena kwa heshima zote. Nilimnong'oneza arudi kesho, asimwambie mtu.

Asubuhi iliyofuata niliweka kiti pale alipokuwa akisimama mke wangu, nikaulinda mtaro usisafishwe.