Harufu ya Jiki Katika Ploti ya Umoja

Saa saba mchana, jua la mtaa wa Umoja, Nairobi, limekaa utosini. Winny Adoyo amechutama kwenye mfereji wa ploti, sare yake nyeupe imeloweka katika beseni la maji na jiki, dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu. Madirisha yanafungwa moja baada ya jingine. Pa! Pa!

"Corona imeshuka kufua," anasema Nthoki, mama yake Musau, akivuta pazia orofa ya kwanza.

Winny, muuguzi wa miaka thelathini na minane, anasugua kola tu. Wiki sita amehudumu katika wadi ya corona ya hospitali moja ya Eastlands, na wiki hizo zote majirani wameamini kuwa ule ukali wa jiki ndio ugonjwa wenyewe. Wakiunusa, huita watoto ndani. Jumatatu, mtu aliiangusha sare yake kambani kwa mpini wa ufagio.

Wauguzi walioombwa kujitolea katika wadi hiyo walikuwa thelathini na mmoja. Tisa ndio waliotia sahihi.

"Usiwaone wale wengine wabaya," Winny humwambia kila anayewalaumu. "Mmoja ni mjamzito. Mwingine anamlea mama mwenye kisukari. Kila mtu na mzigo wake."

Wake ni bintiye Maurine, wa miaka kumi. Mume wa Winny, Ooko, huendesha lori hadi Malaba, mpakani na Uganda. Akiondoka, kurudi ni majaliwa. Awamu ya kwanza, wiki hizo sita, mtoto alikaa na shangazi yake mtaa wa Ziwani, lakini shangazi ameshahamia Siaya. Orodha ya kujiandikisha kwa awamu ya pili inafungwa kesho. Bila wa kukaa na mtoto, Winny hana la kuandika.

Mzee Muoki, msimamizi wa ploti, anasogeza kiti chake na kuketi hatua nne mbali naye.

"Mama Maurine, tuambie ukweli. Hii tunayonusa ni corona?"

"Ni jiki, Mzee. Ndiyo inayoiua corona. Siku mtakayokosa kuinusa, hapo sasa mniogope."

Kicheko kinaponyoka nyuma ya pazia. Dirisha la Nthoki linafunguka nusu.

"Wewe huogopi kwa sababu nyinyi wauguzi mmepewa dawa yenu ya siri!"

Winny anainuka, maji yakimchuruzika viwikoni. "Dawa gani, Mama Musau? Naogopa. Nikivua zile glavu, nabana pumzi mpaka nimalize. Juzi mgonjwa, nyanya wa watu, aliniambia, 'Mwanangu, pumua kwanza.' Yeye mwenye oksijeni ndiye ananiambia mimi nipumue!"

Hakuna aliyewahi kumsikia muuguzi akikiri woga.

Nthoki anashuka ngazi polepole, barakoa imening'inia kidevuni.

"Kumbe wewe pia ni mtu."

"Pandisha barakoa, Mama Musau."

"Usiniamrishe kwangu." Lakini anaipandisha. "Huyo msichana wako anakula muthokoi?"

"Huokota mahindi, akaacha maharagwe."

"Kwangu hakuna kuchagua. Mlete na nguo zake leo. Na wewe, kumkumbatia ni baada ya kuoga. Nitakuwa nakuangalia!"

Winny anajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akijifanya ni jasho.

Kesho saa mbili asubuhi atatia sahihi: wiki sita nyingine. Baada ya hapo ataomba likizo ya wiki mbili.

"Likizo hiyo siendi popote," anamwambia Nthoki. "Nitalala kitanda kimoja na mtoto wangu mpaka yeye mwenyewe anifukuze."