Kalamu ya Zawadi

Miaka ya tisini, muuza duka wa Mbale, Uganda, alinifungia kipande cha sabuni kwa gazeti la Kenya. Ndani mlikuwa na tangazo la shindano la hadithi fupi, lakini walitaka wenye anwani ya Kenya tu. Niliudhika! Niliporudi nyumbani Jinja, jirani yangu, dereva Mkenya wa lori, akaniambia, "Dada, tumia jina langu na sanduku langu la posta."

Tukashinda. Picha yake ikatoka gazetini. Mimi nikaletewa zawadi yenyewe, kalamu moja.

Safari iliyofuata, askari wa kizuizi cha barabarani alimtambua dereva, akamwomba amwandikie mchumba wake barua. Nikaiandika mimi. Afande alilipa taslimu, na kabla mwezi haujaisha kizuizi kizima kilikuwa na wachumba.