Ziwa Langu la Handeni

Nisiwafiche, nilinunua nyumba kando ya ziwa, kusini mashariki mwa Handeni. Tangu mke wangu afariki, wanangu walikuwa hawaji tena nyumbani Korogwe, nikaona labda maji yatawavuta. Niliiona masika, ng'ombe wa Wamasai wakinywa, nikainunua bila kuuliza jirani hata mmoja. Mwalimu mzima! Kiangazi kilipofika, ziwa likawa tope, kisha vumbi. Kumbe ni lambo la kunyweshea mifugo.

Hata hivyo, kila Jumapili nilimpigia simu binti yangu: "Leo maji yametulia kweli."

Juzi akaja bila kuniambia. Alinikuta barazani na viti viwili, nikiutazama udongo uliopasuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mama yake, akatazama mbele.

"Kweli, baba. Yametulia."